Alikuwa Nani Kwako

Mlangoni mwa mahakama ya rufaa watu walipanga foleni wakaguliwe. Fundi, kijana aliyepewa jina hilo kwa kutengeneza simu, alikuwa ameshavua mkanda. Mkono mmoja umeshika suruali isimdondoke, mwingine umebeba simu na funguo. Alipogeuka, moyo ukampasuka paa! Nesi, kama walivyomwita tangu shule kwa ndoto yake ya uuguzi, alikuwa nyuma yake, ndani ya blauzi nyeupe aliyoazima kwa shangazi yake, mikono ameikunja mara tatu. Mzuri vilevile, jamani.

Amri ya mahakama ya watoto ilimkataza Nesi kumkaribia Fundi chini ya hatua hamsini. Leo walitenganishwa na mzee mmoja na mkoba wake.

"Usinitazame," Nesi alinong'ona. "Watasema nimekufuata."

"Nani anakutazama? Mimi nahangaika na suruali."

Nesi alicheka, kisha akajikasirikia kwa kucheka.

Mwaka jana, wote wakiwa na miaka kumi na saba, walipendana wiki saba, wakagombana, wakaachana. Siku chache baadaye Nesi alipita kwenye kibanda ambako Fundi alijifunza kutengeneza simu, akamkuta anawasomea wenzake ujumbe wa mapenzi aliomtumia yeye, wote hoi kwa kicheko. Nesi alimpiga kwa mwavuli. Fundi alishonwa nyuzi nne kwenye nyusi.

Mahakama ilimtia hatiani kwa kumpiga aliyekuwa mpenzi wake, kosa zito kuliko kumpiga mtu baki. Chuo cha uuguzi kikamwandikia kwamba mwenye kosa hilo hapokelewi. Sasa wakili wa Nesi alikuwa na hoja moja tu: wawili hawa hawakuwa wapenzi kamwe. Majaji walikubali kumsikiliza Fundi mwenyewe.

"Lakini tulikuwa, shangazi," Nesi alisema wakiwa kwenye benchi.

"Nyamaza, mwanangu. Leo hamkuwa."

Ndani, jaji mwanamke alivua miwani. "Kijana, huyu binti alikuwa nani kwako?"

Fundi alipapasa nyusi yake. Alikumbuka walivyokuwa wakipigiana simu mpaka chaji inakwisha. Alikumbuka pia kicheko cha wenzake, na chake kilichokuwa kikubwa kuliko vyote. Anayependa hufanya vile? Kichwa kilimvurugika kabisa.

"Tulisoma darasa moja, mheshimiwa. Alikuwa akinipigia simu. Nilimzoea tu."

"Hukumpenda?"

"Hapana."

Wakili wa Nesi alishusha pumzi. Nesi naye aliinamisha kichwa. Jibu hilo ndilo alilokuwa akiliombea tangu asubuhi, na sasa lilimuuma asijue ashike wapi.

Kabla ya saa sita majaji walirudi. Kosa likashushwa kuwa shambulio la kawaida, Nesi akapewa onyo, amri ya hatua hamsini ikafutwa. Chuo angekwenda. Shangazi alimkumbatia huku analia, lakini Nesi alijichomoa akakimbilia kwenye ngazi za nje.

"Fundi! Nisubiri!"

Alisimama. "Hongera."

"Nataka kujua kitu kimoja. Umewadanganya wao leo, au ulinidanganya mimi mwaka jana?"

Hatua chache kutoka hapo, wakili wa serikali aliyeshindwa kesi alikuwa akipanga mafaili kwenye gari lake, polepole mno, sikio upande wao.

"Nikikujibu, chuo huendi," Fundi alisema chini chini.

"Kwa hiyo ulinipenda?"

"Sijasema hivyo."

"Basi hukunipenda."

"Sijasema hivyo pia. Nesi, mimi mwenyewe sijui nimesema nini mle ndani. Ile siku ya kibandani nilifanya ujinga. Nisamehe. Hilo nalijua."

Machozi yalimlengalenga Nesi. Alitaka kumrukia shingoni. Alitaka pia kumpiga tena. Wakili wa serikali aliacha mafaili yake, akawatazama waziwazi.

Fundi akanyoosha mkono, wa salamu tu. Nesi aliutazama, akaupokea, akaubana kwa nguvu ambayo mtu mwingine asingeiona.

"Asante, kaka," akasema kwa sauti, ili wote wasikie.