Maji ya Mheshimiwa

Asubuhi za Kibomet huanza na ukungu. Huteremka kutoka upande wa Mlima Elgon, ukajilaza juu ya mashamba ya mahindi, ukazimeza nyumba moja moja, mpaka ukadhani mji mzima wa Kitale umefunikwa shuka. Ndani ya ukungu huo Nafisa alikuwa akishuka kila siku kwenda kijitoni, mtungi wa plastiki mkononi, mdogo wake Naim akimfuata huku akisinzia. Wanafunzi wote wa shule yao walibeba maji hivyo. Bila mtungi, huingii langoni.

Nafisa aliipenda safari hiyo. Akiinama kuchota, alisikia kijito kikiimba sauti ya pili, naye akakijibu kwa sauti ya kwanza. Ndiyo maana alichaguliwa kuanzisha nyimbo katika kwaya ya shule. Mara nyingine alisahau kabisa kwamba mtungi umejaa, maji yakamwagikia miguuni, na Naim akamvuta gauni.

"Dada, unaota tena."

Jambo moja hakulisahau. Maji ya kijito hayanywewi kabla ya kuchemshwa. Mama yao aliugua homa ya matumbo, akapelekwa hospitali, hakurudi. Tangu hapo baba yao, Hashim, fundi wa baiskeli karibu na msikiti, alikaa mbele ya sufuria kila jioni mpaka maji yatokote, hata awe amechoka namna gani.

Shuleni kulikuwa na mfereji mpya wa maji ya bomba. Ulijengwa karibu na bendera, ukapakwa rangi ya samawati, na juu yake likaandikwa jina la mbunge wao, Mheshimiwa Wabwile, kwa herufi kubwa kuliko jina la shule yenyewe. Kilichokosekana ni maji. Bomba lilizikwa kutoka mferejini hadi nyuma ya jikoni, likaishia kwenye nyasi. Mafundi waliondoka wakisema watarudi. Wakubwa wao nao walisema watarudi. Watu wa namna hiyo husema hivyo, halafu wanakwenda kula mahali pengine.

Nafisa alizoea kuweka sikio kwenye mfereji ule. Alifikiri siku moja atayasikia maji yakija kwa mbali, yakitambaa chini ya ardhi kama mtu anayerudi nyumbani polepole. Alisikia upepo tu.

Jumatatu moja mwalimu wa kwaya, Mwalimu Kigen, aliingia darasani akisugua mikono.

"Habari njema! Ijumaa Mheshimiwa anakuja kufungua maji rasmi. Akifurahi, atatupa basi la kutupeleka Bungoma kwenye mashindano ya muziki."

Darasa lililipuka kwa kelele. Nafisa hakupiga kelele. Alikuwa amekwisha kufika Bungoma kwa mawazo. Aliuona ukumbi, aliziona taa, aliisikia sauti yake ikipanda taratibu hadi darini.

Mwalimu aliandika ubeti mpya ubaoni: *Maji yatiririka, kiu imekwisha, asante baba yetu Wabwile.*

"Nafisa, anzisha."

Nafisa alifungua kinywa. Sauti haikuja. Aliutazama mfereji kupitia dirishani, umesimama juani, mkavu.

"Mwalimu, nitaimba beti zote. Huu siwezi. Maji hayapo."

"Ni wimbo tu, Nafisa. Wa kumkaribisha mgeni."

"Lakini tukishamshukuru, Mwalimu, atarudi kumalizia bomba kwa nini?"

Cherono, rafiki yake aliyeketi naye dawati moja, aligeuka kwa hasira. "Ati nini? Si uimbe tu, bana! Unataka tukose basi?"

"Anajifanya wakili," sauti moja ilisema kutoka nyuma, na watu wakacheka.

Mwalimu Kigen hakuwa mtu mbaya. Alikuna kichwa, akatazama mlango kana kwamba kuna mtu anayesikiliza. "Kila mtu ana ruhusa ya kuwa na maoni yake," alisema. "Lakini kwaya inataka sauti moja. Cherono, njoo mbele. Nafisa, pumzika kwanza."

Kupumzika kwenyewe kulikuwa kukalishwa nje, chini ya dirisha. Kufikia saa ya chakula alikuwa amepewa jina.

"Niaje, Madam Mfereji? Leo unatoa maji ama unatoa maoni?"

Cherono alihamisha vitabu vyake kwenye dawati lingine. Hilo lilimuuma Nafisa kuliko lile jina.

Jioni alimkuta baba yake akikaza mnyororo wa baiskeli. "Baba, nilikosea?"

"Ulisema kitu gani cha uongo?"

"Hakuna."

"Basi hukukosea." Hashim alijifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi. "Lakini sitakudanganya, mwanangu. Itauma. Wenye viti hawapendi kuambiwa ukweli. Na wale wanaosimama karibu na viti hukasirika hata zaidi."

Alhamisi wanafunzi walikuta pipa kubwa limepandishwa juu ya paa la jikoni na kuunganishwa na lile bomba la kwenye nyasi. Mwalimu mkuu, Madam Roselyne, aliwakusanya wa madarasa ya juu, bila wale wa chekechea.

"Leo tutabeba maji kijitoni tulijaze pipa hili. Mgeni akifungua mfereji, asiaibike mbele ya wazazi. Na nyumbani msiseme. Hii ni siri ya shule."

Wakabeba. Mstari mrefu wa watoto ulipanda kilima ndani ya ukungu, mitungi mabegani, na Nafisa alikuwa miongoni mwao. Aliona kama yumo ndani ya ndoto ambayo watu wote wanatembea kinyumenyume: maji yanapandishwa kilima kwa mikono ya watoto, ili yateremke yakiwa na jina la mtu mwingine.

Ijumaa kulikuwa na mahema na viti vya plastiki. Wazazi walijaa, Hashim akiwa nyuma kabisa na kofia yake nyeupe. Kwaya iliimba. Cherono alianzisha ule ubeti vizuri, ingawa macho yake yalitazama chini. Kisha Mheshimiwa Wabwile, tabasamu pana usoni, akafungua mfereji.

Maji yaliruka yakimetameta. Akina mama wakapiga vigelegele.

"Nani alisema mimi ni mtu wa maneno tu?" Mheshimiwa alipaza sauti. "Kazi hapa imekwisha! Nyinyi watoto wadogo, njooni mnywe maji yenu!"

Watoto wa chekechea walikimbia na kukinga viganja. Wa kwanza alikuwa Naim. Nafisa aliyaona maji yakijaa mikononi mwa mdogo wake, angavu na mazuri, na kwake kila kitu kikaenda polepole. Vigelegele vilififia. Viganja vikaanza kupanda kuelekea mdomoni.

"Naim! Usinywe! Hayo ni maji ya kijito! Sisi ndio tulioyabeba!"

Naim alifungua mikono. Maji yakaanguka. Watoto waliokuwa nyuma yake nao wakasimama.

Mheshimiwa alicheka kidogo. "Huyu msichana anaota?"

"Huwa naota sana, Mheshimiwa," Nafisa alisema, akinyoosha kidole. "Lakini pipa liko pale juu ya jikoni."

Vichwa vyote viligeukia paa. Na wakati wazazi wakitazama, mfereji ulikohoa, ukatema matone ya mwisho, ukanyamaza.

Mheshimiwa aliondoka bila kula. Ahadi ya basi ikaondoka naye.

"Umetuharibia Bungoma," Cherono alimwambia Nafisa Jumatatu, machozi yakimlengalenga. Baada ya hapo hakuna aliyemsemesha. Akikaribia kundi, kundi lilitawanyika. Aliteremka kijitoni na Naim peke yao, na kwa mara ya kwanza aliyaona maji yakipita bila kuimba.

Wazazi, kwa upande wao, hawakunyamaza. Wengi walikuwa wamesikia kwamba mfereji umekamilika, wakaamini. Sasa walikwenda ofisini kwa Mheshimiwa, mama yake Cherono akiwa mbele, wakakaa kwenye ngazi. Waliambiwa warudi kesho. Wakarudi. Waliambiwa mkubwa amesafiri. Wakasema watamngoja. Mwishowe mafundi wakaja, bila hema, bila wimbo, wakachimba mtaro kutoka bomba kuu hadi jikoni. Maji yalipofika, watu wa afya waliyapima kwanza, ndipo watoto wakaruhusiwa kunywa.

Mzazi mmoja mwenye lori la mahindi alijitolea kuwapeleka wanakwaya Bungoma. Mwalimu Kigen alikwenda mwenyewe hadi kwa Hashim kumwomba Nafisa arudi.

Nje ya ukumbi, kabla hawajaitwa, Madam Roselyne aliwasimamisha wote pamoja. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Nilisema ni siri ya shule. Niliogopa mkubwa kuliko nilivyoogopa mtoto kuugua. Hapo nilikosa. Nafisa alisema peke yake, na sisi tukamwacha peke yake. Sikilizeni, wanangu. Kusema jambo ambalo wengi hawataki kulisikia kunaweza kukukosesha marafiki. Kunyamaza kungeweza kutukosesha mtoto. Ukiona mambo hayako sawa, yaseme kwa adabu, bila kuzunguka. Na ukimsikia mwenzako akisema usilolipenda, msikilize kwanza. Huenda anakuokoa wewe."

Wanakwaya walijipanga mlangoni. Cherono aliacha nafasi yake ya mbele, akaja kusimama kando ya Nafisa.

"Sasa," alimsalimu kwa kunong'ona.

"Poa."

"Bado umenikasirikia?"

"Kidogo."

Cherono alicheka huku akijifuta pua. "Ni haki yako. Lakini wimbo anzisha wewe. Mimi nitakufuata."

Wakaingia. Ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko ule aliouona katika mawazo yake. Nafisa alifumba macho, akahisi bega la Cherono likigusa lake, akavuta pumzi, na sauti ikaja.