Kisu cha Bahasha za Nabii

Nabii Barnabé alikutwa Jumatatu asubuhi chini ya meza ya ofisi yake, nyuma ya kanisa, kule Kikula. Kisu cha shaba cha kufungulia barua kilikuwa kimezama shingoni.

Nje waumini walipiga geti. Walimtaka Guy, mlinzi, wamchome moto.

"Miye sikumuua, chef!" Guy alimlilia Inspekta Théophile, mikono ndani ya pingu.

"Njo weye, peke yako, uko na ufunguo."

"Ufunguo, ndiyo. Damu, hapana!"

Théophile hakukaa. Alizunguka meza iliyojaa bahasha, akarudi, akazunguka tena. Kisu kilipochomolewa, alikiinua dirishani. Ncha ilikuwa na damu. Lakini karibu na mpini, shaba ilikuwa nyeusi kwa moshi wa mshumaa, na gundi imeganda juu yake.

"Hizi bahasha ni za nini?"

"Bantu, watu wa kanisa, wanaandikia Mungu shida zao, wanafunga. Jumapili yenye kufuata tunazichoma mbele ya altari. Hakuna mwenye kufungula."

"Nabii alifungula. Kisu cha moto kinainua gundi bila kupasua karatasi. Kisha anabandika tena."

Guy alifumba macho. "Ee Yesu! Kumbe njo vile alikuwa anajua mambo ya bantu?"

"Jana alitabiria nani?"

"Mama Orpa. Mbele ya bwana yake, Firmin. Alisema binti yao, Carmel, haiko mutoto wa Firmin."

Inspekta na askari walimkuta Orpa nyumbani, akifunga nguo za binti yake ndani ya kitenge.

"Mama, bantu wanataka kuchoma Guy juu ya kifo cha nabii."

Orpa aliacha kufunga. "Guy haiko na kosa."

"Nani iko nalo?"

"Firmin alifukuza mutoto jana ile ile. Nikaenda kuuliza nabii: nani alikuambia? Nikamukuta na bahasha ya mwingine juu ya mushumaa. Akanicheka. 'Mama, hata unabii iko na kazi yake.' Nikamunyang'anya kisu."

"Ungekuja kwetu, mama."

"Kusema nini? Hata mama yangu sikumuambia. Nilimuandikia Mungu peke yake, Carmel asipoteze baba." Akanyoosha mikono. "Mumufungule Guy. Mutoto mumupeleke kwa dada yangu, Kambove."

Guy alifunguliwa. Orpa alipopitishwa getini mwa kanisa na pingu, hakuna aliyepiga kelele. Habari ya bahasha zilizofunguliwa ilikuwa imeshafika. Waumini walisukumana mlangoni mwa ofisi, kila mmoja akitafuta bahasha yake.