Nililikimbia Jani la Sale Kutoka Himo Hadi Getini

"Baba yako hakuteleza akitoka kanisani. Alitoka getini kwetu. Baba yangu alimfungia geti mvua ikinyesha. Niliona kwa macho yangu."

Meseji hiyo iliniingia nikiwa bado nimevaa joho la mahafali…

Aliyeituma ni Brenda, binti wa baba yangu mdogo, Aminieli.

Aminieli! Mtu aliyelia kuliko wote msibani. Aliyetuambia mbele ya mchungaji kwamba kaka yake hakufika kwake siku ile.

Ndugu zangu, naandika haya kwenye kafe ya intaneti hapa Moshi mjini, na muda niliolipia unakimbia. Nawapa yote leo.

Baba yangu, Mwalimu Eliezeri, alikuwa mtu wa baiskeli. Mvua za El Nino zilipokata barabara mwaka 1998, mimi nilikuwa kidato cha kwanza Korogwe, nimelala na malaria. Mabasi hayapiti. Baba akaendesha siku nne kutoka mlimani, blanketi mgongoni, na ndizi mbivu zilizofika zimekuwa nyeusi.

Nilizila zote.

Miezi mitatu baadaye alikutwa amekufa kwenye mteremko chini ya nyumba ya Aminieli. Baiskeli juu yake. Tukaambiwa ameteleza akitoka kanisani.

Basi Desemba iliyopita niliipakia baiskeli ileile kwenye basi hadi Korogwe, nikaigeuza, nikaanza kuifuata njia yake kurudi nyumbani. Niliwaambia watu ni kumbukumbu ya baba.

Ilikuwa nusu ya ukweli.

Siku ya pili ya Krismasi ukoo wote ungekutana kwa Aminieli kumsimika kuwa mzee wa ukoo. Nilitaka nifike na baiskeli hiyo, nisimame katikati yao, niseme. Nilitaka nimwone anavyoshuka kwenye kiti chake.

Kosa langu ni kumwambia Brenda mpango huo. Brenda hafichi kitu. Baba yake akajua.

Wasomaji msio Wachagga, sikilizeni hapa. Kwetu mtu aliyekukosea akikuletea jani la sale, au akikutumia mtu nalo, huna ujanja. Ukilipokea, umesamehe. Kulikataa ni laana.

Nikajiambia: lisiponifika mkononi, sijalikataa. Msomi wa chuo kikuu huyo!

Siku ya tatu ya safari, Himo, nikamwona shangazi Beatrice kando ya lami, jani la kijani limechungulia kwenye kanga yake.

"Evelyn, shuka tuongee."

"Shikamoo shangazi. Breki mbovu."

Nikapita.

Moshi mjini alikuwa ananingoja mzee Filemon, mkubwa wa umri katika ukoo, naye na jani. Nikazungukia mtaa mwingine. Kwenye kituo cha Kwa Sadala nikaacha lami na kuanza kusukuma baiskeli mlimani, moyo unawaka. Nilikuwa nimewashinda wote.

Kumbe Aminieli mwenyewe alikuwa amesimama getini.

Geti lilelile.

Amezeeka. Koti la harusi, jani mkononi. Sikumpa hata shikamoo.

"Mwanangu, pokea."

"Nipishe."

"Pokea kwanza."

Nikasukuma baiskeli. Gurudumu likampiga mkono, jani likaanguka kwenye tope, nikapita juu yake.

Uani nikayasema yote. Geti, mvua, uongo wa msibani. Watu wakaweka chini vibuyu vya mbege, pombe yetu ya ndizi. Shangazi na mzee Filemon walikuwa wameniwahi kwa gari. Mzee Filemon akamgeukia. "Aminieli, ni kweli?"

"Kweli."

Sitawadanganya… ilikuwa tamu.

Kisha akaingiza mkono kwenye koti, akatoa karatasi iliyokunjwa. Ndani yake jani la sale, limekauka hadi rangi ya tumbaku.

"Hili si langu," akasema. "Alilileta baba yako siku ile. Alilichomeka getini nilipomfungia."

Sikuelewa. Sale huletwa na mkosaji. Baba yangu alikosa nini?

Shangazi Beatrice ndiye aliyenieleza, maana Aminieli alikuwa ameinama. Masale ndiyo mpaka wa vihamba vyetu, mashamba tunayorithi. Aminieli akiwa kibaruani Tanga, baba yangu aliyang'oa na kuyapanda ndani zaidi, akajipatia mistari miwili ya kahawa ya mdogo wake. Akavuna miaka sita. Siku ile alipanda mlima kwenda kukiri.

"Kahawa hiyo ndiyo iliyokupeleka Korogwe," shangazi akasema.

Nikamuuliza Aminieli kwa nini alisema baba hakufika.

"Ningesema alifika, mngeuliza alifuata nini. Sikutaka umjue hivyo." Akainua uso. "Lakini geti ni langu, Evelyn. Hilo sina utetezi."

Nikamwona baba kwenye mvua, jani mkononi, geti limefungwa. Halafu nikakumbuka tope.

Nikatoka mbio. Jani lilikuwa limepasuliwa na gurudumu, gurudumu la baba. Aminieli akaja nyuma yangu, akasema atakata jingine.

"Hilihili," nikamwambia.

Nikalishika na tope lake. Kisha nikalichukua lile kavu mkononi mwake, nikampa kwa mikono miwili.

"Baba mdogo, pokea la kaka yako."

Akalipokea, miaka tisa baada ya kulifungia geti.

Uzee wa ukoo aliukataa mwenyewe jioni ileile. Na mimi hasira haijaisha, msinione malaika. Kuna siku nikiliona lile geti natamani kulipiga teke.

Ila ndugu yangu unayesoma, mtu akisimama getini kwako na jani, mfungulie kwanza. Hasira yako haitapotea, utaikuta ndani. Yeye anaweza asirudi.