Wazazi wa Kuazima

Walikutana kwenye mchele. Ndiyo, mchele, wala si mahali pa kuvutia. Ilikuwa Machi 2020, watu wa Sydney wamepagawa na habari za korona, na duka la Wahindi pale Seven Hills lilikuwa limefurika utadhani vitu vinagawiwa bure. Leokadia aliukamata mfuko wa mwisho upande mmoja, mwanaume mrefu mwenye barakoa ya bluu akaukamata upande wa pili. Leokadia akanung'unika kwa Kiswahili, akiamini hakuna anayemwelewa, kwamba wanaume wa siku hizi hawana aibu hata mbele ya chakula.

"Aibu tunayo, dada," akajibiwa kwa Kiswahili cha Tanga. "Mchele ndio hatuna."

Huyo ndiye Bhavin, Mhindi mzaliwa wa Tanga aliyehamia Australia na wazazi wake akiwa kidato cha pili. Waligawana mchele kwenye buti la gari, wakapeana namba za simu, na mengine yakajiendea yenyewe. Mwaka uliofuata Bhavin alimvisha pete. Wazazi wake walikubali kwa sharti moja tu: harusi iwe ya jadi, ya Kihindi hasa.

Sasa harusi ya namna hiyo si mchezo. Siku tatu, wageni mia tatu, hina, wapishi wa mboga tupu, banda la maua, na farasi wa kupandwa na bwana harusi. Leokadia, ambaye kazi yake ni kukadiria gharama za majengo, alijitolea kupanga bajeti mwenyewe. Jumapili moja ya Juni walikaa mezani kwake Fairfield, yeye kajifunga khanga juu ya dera, Bhavin na kurta yake ya kijani. Leokadia alipofika kwenye farasi alicheka mpaka akafuta machozi. Bei ya saa moja, alisema, ilimtosha mtu kuruka mpaka Dar.

Kicheko kilimwisha alipofika upande wa bibi harusi. Kwa desturi ya kina Bhavin, upande huo ndio hubeba mzigo mkubwa. Alijiandaa kuomba nafuu. Kumbe Bhavin anamwambia vyote vimeshalipiwa.

"Na nani? Baba hajatuma hata senti. Hakuna aliyemwomba."

Bhavin akajikuna shingo. "Bwana na Bibi Chandarana. Rafiki za mzee wangu."

"Wanatukopesha?"

"Hapana, mpenzi. Watakaa upande wako. Mipaka imefungwa, baba yako hawezi kuja. Na kuna kanyadaan, wazazi kumkabidhi binti yao mkono kwa mkono. Bila hiyo, kwa wazee wangu hakuna ndoa. Wale hawana binti, wamefurahi mno. Siku ile watakuwa wazazi wako."

Leokadia aliweka kalamu chini. "Kwa hiyo umenitafutia baba."

"Ni desturi. Hata Wazungu wanaoolewa kwetu hufanyiwa hivyo. Ni heshima."

"Baba yangu alifariki lini?"

"Usiseme hivyo, bibie."

"Nakuuliza. Mama alipotutoka, yule mzee ndiye aliyejifunza kunisuka nywele ili niende shule. Jana nimezungumza naye. Kama amefariki nami sina habari, niambie nianze matanga."

Bhavin alieleza, akaeleza tena, na kila maelezo yalimzamisha zaidi. Pete Leokadia hakuivua. Alimwambia tu achukue viatu vyake aende.

Haikupita wiki mbili, Sydney ikafungwa. Polisi walizagaa Fairfield, kutoka mtaani bila sababu ni faini, na Bhavin akabaki kwao Seven Hills na simu yake. Alipiga asubuhi, akapiga jioni. Mara moja Leokadia alipokea, Bhavin akasema anaumwa kwa kummisi. Leokadia akamjibu akamwambie Bibi Chandarana, si ndiye mama mkwe wake? Akakata, kisha akalia kwenye mto. Alimpenda mwanaume yule, na hilo ndilo lililomkera.

Agosti ikaja simu ya Mama Bhavin. Hakuanza na salamu.

"Bhavin amewarudishia kina Chandarana pesa zao. Deposit ya ukumbi imepotea. Baba yake hasemi naye, na tunaishi nyumba moja. Umeridhika?"

Leokadia alikuwa hajui lolote. "Shikamoo, Mama. Sikumwomba afanye hivyo. Nilitaka kuulizwa tu."

"Asiyekuwapo na lake halipo, mwanangu."

"Baba yupo, Mama. Mpaka ndio umefungwa."

Mama Bhavin akashusha sauti. "Mimi pia nilitolewa na watu wa kuazima, pale pale Tanga. Baba yangu alikuwa India, nauli hana. Bwana mmoja nisiyemjua alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa umelowa jasho. Nikajiambia nitazoea."

"Ulizoea?"

Mama Bhavin alisema mtoto wake amekonda, apokelewe simu, na kwamba harusi itasubiri, naye ataisubiri pamoja nao.

Jioni hiyo Leokadia alipiga mwenyewe.

"Hata jema unalifanya bila kuniuliza?"

"Nakuuliza sasa," Bhavin alisema. "Tumsubiri baba yako? Nilimpigia nikamwomba radhi. Yeye akaniuliza kama nakula vizuri."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia sili."

Leokadia akacheka, akajilaumu kwa kucheka, akacheka tena. "Basi tumsubiri. Na kula, wewe."

Mipaka ilifunguliwa. Machi 2022 Mzee Rwechungura, baba yake Leokadia, mwalimu mstaafu wa Bukoba, aliketi chini ya banda la maua katika suti ya kijivu, barakoa kidevuni. Wageni walikuwa sitini na farasi hakukodiwa. Leokadia alivaa sari nyekundu yenye pindo la dhahabu, hina imempanda mpaka kwenye viwiko. Bwana na Bibi Chandarana walikaa safu ya mbele, wageni kama wageni wengine.

Kuhani akamwashiria mzee aukabidhi mkono wa binti yake. Mzee hakusogea. Kuhani akarudia, watu wakaanza kutazamana, baba yake Bhavin akakohoa.

"Baba," Bhavin akanong'ona, "kuna tatizo?"

Mzee Rwechungura alikuwa bado ameushika mkono ule kwa mikono yake miwili. Akamgeukia binti yake.

"Nimpe?"

Leokadia akamtazama Bhavin, ambaye jasho lilikuwa likimtiririka chini ya kilemba. Akamwacha asubiri kidogo.

"Mpe, Baba."