Vibiskuti vya Siku ya Mshahara

Mfuko wa kulia wa koti la baba ulikuwa na doa la mafuta lisilotoka. Mama alilisugua kwa sabuni, akalisugua kwa majivu, mwishowe akachoka. Doa lilitokana na yakgwa, vibiskuti vyetu vya kukaanga vinavyolowekwa kwenye asali. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha matofali hapa Naju. Akirudi navyo mfukoni, nilinusa kabla hajavua viatu. Nikiikumbuka harufu ile mate yananijaa, na machozi pia.

Baba alipofariki, mama alianza kuvikaanga mwenyewe, wiki hadi wiki. Halafu kikaja kisukari. Kidole cha mguu wake kikapata kidonda, kikakataa kupona.

"Sukari isiposhuka," daktari wa mjini akatuambia, "kidole hiki tutakikata."

Nikarudi nyumbani kumwangalia. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu mimi hutoka kama hasira. Siku ile ile nilitupa asali, nikatupa sukari, hata mafuta ya ufuta. Nikampikia mboga za kuchemsha, bila chumvi wala kitunguu saumu.

"Gyeong-ok, mwanangu," mama akauliza, "haya majani ni ya nani? Ya mbuzi?"

"Ni ya mtu anayetaka kubaki na vidole kumi."

"Mbona mbuzi anayala kila siku na hana hata kimoja?"

Alikula vijiko viwili, akasukuma bakuli. Ikawa hivyo kila siku. Lakini sukari haikushuka. Ilipanda! Sikuelewa kabisa.

Ikafika siku ya kumkumbuka baba. Kwetu, siku hiyo marehemu huandaliwa meza. Tunainama mbele ya picha yake, kisha tunakula kile alichoandaliwa. Niliweka samaki, tofu ya maharage ya soya, wali na mapeasi. Vibiskuti sikuweka. Niliogopa mama angevila.

Mama aliitazama meza ile.

"Anayeumwa sukari ni mimi au marehemu?"

"Mama, jamani!"

"Umemnyima baba yako. Mtu aliyekuletea mfukoni!"

Akalia. Na mimi nikalia, lakini sikubadili kitu. Kichwa kigumu nimerithi kwake.

Asubuhi yake nilikwenda uani, kwenye mitungi yetu ya mchuzi wa soya. Nikafunua mtungi wa mwisho, ambao siku zote huwa mtupu. Lo! Ndani mlikuwa na vibiskuti vya mama, alivyokaanga kabla sijarudi, vimefungwa kwenye gazeti, tele.

"Mama!"

Alikuwa nyuma yangu, midomo inang'aa asali.

Nilimwita Bi. Heo, nesi wa zahanati ya kijiji chetu. Nilitaka amfokee. Hakumfokea. Alikaa sakafuni, akampima sukari, akakisafisha kidonda, akauliza taratibu.

"Mama, huwa unavila wakati gani?"

"Njaa ikinishika."

"Vingapi?"

"Vinne. Vitano. Nasimama pale pale mtungini, huyu asinione."

"Tumbo likiwa tupu?"

"Sasa lijae nini? Majani ya mbuzi?"

Bi. Heo alicheka, kisha akanigeukia. "Dada, na wewe umechangia. Umemwondolea kila chenye ladha, naye akaacha mlo, akajishibisha kwa utamu. Utamu kwenye tumbo tupu hupandisha sukari haraka."

Niliona aibu. Nikauliza, "Basi nimpikie nini?"

"Mboga zijaze nusu ya chakula chake. Tia kitunguu saumu na matone ya mafuta ya ufuta, zilike. Weka samaki au tofu. Wali uchanganye na shayiri, bakuli dogo tu. Aanze na mboga, amalizie na wali. Asiruke mlo, asiruke dawa. Kidonda kikipona, atembee kidogo kila akishakula."

"Na vibiskuti?" mama akauliza kwa sauti ndogo.

"Marehemu mzee alikuwa akileta vingapi?"

"Viwili. Kimoja changu, kimoja cha Gyeong-ok."

"Kila siku?"

Mama akatikisa kichwa.

"Siku ya mshahara," akasema. "Mara moja kwa mwezi."

Hata mimi nilikuwa nimesahau. Miaka yote hiyo nilidhani utoto wangu ulijaa vibiskuti, kumbe kilikuwa kimoja kwa mwezi.

"Basi mzee alijua kipimo kabla yangu," Bi. Heo akasema. "Kula kimoja, siku yenye sababu, ukishakula mlo wako. Ule umekaa, mbele ya mwanao. Halafu tutapima sukari tuone."

Mtungi tuliuosha pamoja. Mama alinung'unika mwezi mzima, lakini mboga alikula, na siku nyingine aliomba aongezewe. Sukari ilishuka polepole. Kidonda kilifunga majira ya kuchipua.

Mwaka uliofuata niliandaa tena meza ya baba. Safari hii niliweka vibiskuti viwili. Tuliinama, tukala mboga, samaki na wali wa shayiri. Kisha mama akachukua kibiskuti kimoja, kingine akanipa mimi. Alikila kidogo kidogo, amefumba macho.

"Leo mshahara umetoka," akasema.

Alivua soksi, akanyoosha miguu mbele yangu.

"Haya, hesabu."

Nilihesabu kwa sauti, huku machozi yakinitoka, mpaka nikafika kumi.