Chupa ya Tatu

Kila siku kabla ya kwenda shule, Faidha aliteremka bondeni kuchota maji. Kuteremka hakukuwa taabu. Taabu ilikuwa kupanda tena hadi kijijini kwao Mnyambe na ndoo kichwani, shingo ikiuma, vumbi likimwingia puani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kama ungemwuliza anapenda nini duniani, angekujibu kwamba anapenda kulala.

Jumamosi ilikuwa na kazi yake juu ya hiyo. Katika shamba lao la maembe zilining'inia chupa nne za plastiki zilizotobolewa ubavuni. Katika kila chupa Faidha alitia nusu lita ya maji, sukari kidogo na kijiko cha hamira, hamira ileile ya maandazi. Ilipochacha na kunuka, nzi wa matunda waliingia kula, wakazama. Wiki iliyofuata aliwahesabu, akaandika idadi kwenye daftari, kisha akabadilisha maji.

"Jike wa nzi hawa hutafuta chakula cha nguvu kabla ya kutaga," bibi shamba Getrude, mtaalamu wao wa kilimo, alikuwa amewaeleza. "Akinusa hamira, hajiwezi. Chupa moja ikikamata zaidi ya kumi kwa wiki, ujue wamefika. Okoteni maembe yaliyoanguka, myafukie, na yaliyokomaa mvune msingoje."

Mama yake Faidha alilishika neno hilo. Mwaka uliotangulia nzi walitaga ndani ya maembe, yakaoza mtini yakiwa na funza. Mwaka huu mauzo ya maembe ndiyo yangenunua tangi la lita elfu moja la kukingia maji ya mvua. Tangi likishasimama pembeni mwa nyumba, bondeni wangebaki kwenda wanaopapenda.

Chupa tatu zilikuwa karibu na nyumba. Iliyoitwa ya tatu ilikuwa peke yake mwisho wa shamba, mpakani na mikorosho ya Mzee Basil. Jumamosi moja ya Novemba, Faidha alirudi kutoka bondeni mara ya pili, akatua ndoo, amechoka. Akaitazama njia ya kwenda mpakani, akaitazama ndoo. Maji aliyoyabeba kwa shida vile akawanyweshe nzi? Wiki iliyopita walikuwa wawili tu. Akaketi kizingitini, akaandika: Chupa ya tatu, wawili.

Hakuna aliyemwuliza. Wiki iliyofuata akaandika tena wawili, na safari hii mkono haukusita. Wiki ya tatu vilevile. Mama alisoma daftari akaridhika.

"Alhamdulillahi," alisema. "Tuyaache maembe kidogo yanenepe."

Jumatatu mama alipasua embe la mti wa mpakani, akakuta funza. Akapasua la pili, na la tatu. Alikaa chini palepale, kisu mkononi, kama mtu aliyetua mzigo na hana nguvu za kuubeba tena. Faidha aliona aibu hata kumtazama. Mama alipokwenda kumwita bibi shamba, yeye alikimbia mpakani na kidumu cha maji ya sukari na hamira. Chupa ya tatu ilikuwa imekauka kabisa. Akaijaza upesi, akaifunga, akarudi nyumbani.

Getrude alifika alasiri kwa pikipiki. Mzee Basil naye akaja mpakani kusikiliza, mkono mmoja kiunoni, maana mgongo ulimsumbua tangu masika. Getrude aliichungulia chupa, akaona maji yamo. Akapekua daftari.

"Wawili, wawili, wawili, wawili. Mama Faidha, hapa pana jambo." Akageuka kutazama chini ya mikorosho, ambako mabibo yaliyokwisha kutolewa korosho yalirundikana yakichacha. "Labda ni haya. Harufu yake imeishinda hamira yetu, nzi wakaenda huko. Mzee, itabidi uyafukie."

"Sawa, bibi shamba," Mzee Basil alijibu kwa unyonge. "Kama mabibo yangu ndiyo yaliyomharibia jirani, nitayafukia." Akainama kuchukua jembe lake lililolala chini ya mkorosho, na kunyooka kukamshinda.

Faidha angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua.

"Babu, liache jembe," alisema, sauti ikimtoka ndogo. "Si mabibo. Chupa ilikauka. Wiki tatu sikuja huku. Nilichoka, nikawa naandika wawili tu. Maji hayo nimeyatia leo."

Mama alilichukua daftari kwa Getrude, akalisoma upya.

"Basi tuna kazi," alisema Getrude.

Walifanya kazi siku tatu. Waliokota maembe yote yaliyoanguka, wakayafukia katika shimo refu, na Faidha akayafukia na mabibo ya Mzee Basil bila kuambiwa. Yaliyokomaa karibu na nyumba walivuna yakiwa mazima. Ya mpakani yalipotea yote. Jumamosi Faidha alihesabu nzi thelathini na wanne katika chupa ya tatu, na akaandika thelathini na wanne.

Tangi lililoletwa lilikuwa la lita mia tano.

"Nusu nyingine wamekula nzi," alisema mama. Kisha akamketisha Faidha kando yake. "Kuchoka si kosa, mwanangu. Hata mimi nachoka. Ungeacha pengo kwenye daftari, ningeliona, ningeuliza, ningekwenda mwenyewe. Lakini uliandika wawili, nami nikakuamini nikatulia. Usipojua, sema hujui. Uongo hata ukiwa mdogo humfanya mwenzako alale wakati anatakiwa kuwa macho."

Mvua zilikuwa bado hazijaanza, na maembe ya kuchelewa yalikuwa bado mtini. Jumamosi iliyofuata Faidha alipanda kutoka bondeni akiwa hoi. Alihesabu chupa tatu za karibu, akaandika. Akafika kwenye mstari wa chupa ya tatu, akaishika kalamu kwa muda. Kisha akaandika: Sijakwenda. Nimechoka.

Akampa mama daftari. Mama alisoma, akachukua kidumu, akaelekea mpakani.