Cherehani Iliyonyamaza

Siku hizo tuliamshwa na cherehani ya Mama. Krrr, krrr, kabla hata chai haijachemka. Mama alikuwa fundi wa nguo, na kwa utani hakuwa na mfano. Mteja akilalamika kuwa gauni linabana, humwonyesha utepe wake wa kupimia na kumjibu, "Futi yangu haijasinyaa. Ni wewe uliyenawiri." Nikikumbuka, moyo unaniuma kwa utamu.

Baba alipofariki, Mama akakosa usingizi. Daktari akampa vidonge vya usingizi vya wiki mbili tu. Vilimsaidia. Vilipokwisha, akaomba vya shoga yake. Mwaka ukapita. Kimoja hakikutosha tena, akawa anameza viwili. Asubuhi aliamka mzito, anasahausahau. Shati langu la shule akalishonea mikono miwili, yote ya kushoto. Wateja wakahama. Cherehani ikanyamaza.

Mama aliona haya, akavitupa vyote chooni. Siku ya pili mikono ikamtetemeka, jasho likamtoka, moyo ukamwenda mbio. Hata kutunga uzi hakuweza. Niliogopa kweli. Nilikwisha kumzika Baba, sikutaka kumzika na Mama. Nikamkimbilia jirani yetu, muuguzi.

Muuguzi hakumgombeza. Alieleza kwamba mwili ukishazoea vidonge hivyo, kuviacha ghafla ni hatari, mtu anaweza hata kupata kifafa. Tena dawa ya mwenzako si yako. Akatupeleka hospitali saa ile ile. Njiani akamuuliza Mama:

"Dada, gauni likiwa pana, unalikata lote kwa mkasi mmoja?"

"Nitaliharibu," Mama akasema. "Napunguza kidogo, mwenyewe analijaribu, ndipo napunguza tena."

"Basi na dawa ni hivyo hivyo. Ila hapa fundi ni daktari. Usijikatie mwenyewe."

Daktari alimpunguzia kidogo kidogo, kwa miezi. Haikuwa rahisi. Ndipo Mama alipomlilia Baba sawasawa, kilio ambacho vidonge vilikuwa vimekizuia. Tulilia pamoja.

Kisha asubuhi moja nikasikia: krrr, krrr. Nikabaki kitandani nikisikiliza, nisiamini masikio yangu.

Mama alikuwa amelifumua lile shati na kulishona upya, kila mkono mahali pake. Nikalivaa. Lilinibana kwapani, maana nilikuwa nimeshakua. Nikamwambia.

Akanitazama juu mpaka chini, macho yake maangavu kama zamani.

"Futi yangu haijasinyaa," akasema.